Ramani kwa Bei Chee

Simama Kariakoo, Dar es Salaam, kwenye makutano ya mitaa ya Congo na Mchikichi saa nne asubuhi, umuulize kijana wa mkokoteni njia ya kufikisha robota la vitenge Mtaa wa Sikukuu. Atakujibu papo hapo: huku pameshonana meza za machinga, kule lori linashusha mzigo, pita uchochoro wa nyuma. Kijana huyo amebeba kichwani kile ambacho wataalamu huita mfumo wa taarifa za kijiografia. Mfumo huo una mitaa, una vizuizi, una njia za mkato, na anaurekebisha kila kukicha. Upungufu wake ni mmoja: akienda kula, anaondoka nao.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kuyatoa maarifa hayo kichwani mwa mtu mmoja ili mtaa mzima uyaone, na mfukoni una nauli ya mwendokasi na chenji kidogo. Nitauandika kisokoni, maana hili nalo lina vitu vya kununua, vya kukataa kuuziwa, na vya kuokota bure.

Kwanza: nunua swali

Watu wengi huanza na kompyuta. Wanainunua, wanaiwasha, halafu wanakaa mbele yake kumfikiria mteja. Anza na swali, na liwe dogo kiasi cha kuenea mtaa mmoja.

Kariakoo haina uhaba wa maswali. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021, moto uliunguza jengo la Soko Kuu, lile lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa liliporomoka katika eneo la Mchikichi na Congo na kuua watu wasiopungua 29. Waliofukiwa walipiga simu kutoka chini ya kifusi huku waokoaji wakitafuta pa kuingilia. Siku kama hiyo kila dakika huliwa na maswali ya jiografia: chini kuna vyumba vingapi? Mlango wa nyuma uko wapi? Gari la zimamoto lipite mtaa gani?

Basi chukua hilo la mwisho: gari la zimamoto likiitwa hapa kwetu, litapita wapi, na litakwama wapi? Swali hilo litakuchagulia vitu vya kupima: upana wa barabara, vizuizi, milango, nyaya zilizoning'inia, mahali penye maji. Mengine yaache. Daktari John Snow, mwaka 1854 huko London, alikuwa na swali moja kuhusu kipindupindu. Alipoweka alama za vifo juu ya ramani, zikaonekana zimelizunguka bomba la maji la Broad Street. Alitumia karatasi na wino, na ramani ile inafundishwa vyuoni mpaka leo.

Pili: kataa kuuziwa

Ukitamka tu kwamba unataka kutengeneza mfumo wa ramani, wauzaji watakuzunguka kama umeshuka stendi na begi. Mmoja atakuambia huwezi kuanza bila seva yenye chumba chake na kiyoyozi chake. Mwingine atakuletea programu ya kulipiwa ada kila mwaka. Wa tatu atakushauri semina ya siku tatu hotelini, yenye begi, kalamu na picha ya pamoja. Wape asante, pita.

Unahitaji kompyuta mpakato moja iliyotumika, yenye RAM ya gigabaiti 8. Duka lolote la vifaa vilivyotumika litakuwa nazo. Jaribu betri kabla ya kutoa hela. Humo weka QGIS, programu iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002 na kuendelezwa na watu wa nchi nyingi. Haidai ada, haina kikomo cha siku 30, na unaweza kumnakilishia jirani kwa flashi bila kuvunja sheria yoyote. Inachora, inapima, inahesabu na inatoa ramani ya kuchapishwa. Ofisi kubwa zinaitumia, nawe utaitumia hiyo hiyo.

Droni nayo iache kwanza. Zanzibar walifanya vizuri kuitumia walipoanza mwaka 2016 kupiga picha visiwa vyao kutoka angani, kwa sababu walikuwa na visiwa vizima vya kupima. Wewe una mtaa. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ikishapaa itakuonyesha mabati na matangi ya maji. Kinachoua watu Kariakoo kiko chini ya mabati.

Tatu: okota kilichokwisha tandikwa

Usichore upya kilichochorwa. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ina mitaa ya Dar es Salaam na majengo mengi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watu wa hapa hapa. Mwaka 2011, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale kuchora kata yao. Desemba ya mwaka huo huo, mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, wa kuchora ramani za mafuriko, uliowaunganisha wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wakazi wa Tandale, Kigogo, Magomeni na kata nyingine, kwa msaada wa Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Msalaba Mwekundu na wengineo. Mitaro ilichorwa mmoja mmoja. Wakazi waliulizwa maji yalifika wapi, wakaonyesha. Leo unaweza kuipakua kazi hiyo bila malipo, mradi utaje ilikotoka.

Mipaka ya kata za sensa ya 2012 ilitolewa kwa umma na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Picha za setilaiti za Sentinel-2 nazo ni bure, lakini zijue vizuri kabla ya kujisifu nazo: nukta moja ya picha hiyo ni mita 10 kwa 10. Ndani ya mita 10 za Kariakoo kuna fremu kadhaa, meza za machinga mbele yake na mama lishe pembeni, na wote watageuka doa moja la kijivu. Itakufaa kutazama Bonde la Msimbazi likijaa maji, ila kuhesabu fremu haiwezi. Kwa fremu, utatumia miguu.

Nne: salimia

Hatua hii haigharimu shilingi, na ndiyo inayorukwa zaidi. Andika barua, ipeleke ofisi ya serikali ya mtaa, muone mwenyekiti na mtendaji. Halafu keti kwenye kijiwe cha kahawa. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu, karatasi za nini hizo?" Jibu lako kwa swali hilo ndilo litakaloamua kama utapata ramani au utapata majibu ya kukufukuza kwa adabu.

Fahamu hofu ya watu unaowaendea. Mwenye fremu akikuona na karatasi atadhani ni mambo ya kodi. Mei 2023 na Juni 2024 wafanyabiashara hapa walifunga maduka kwa malalamiko ya kodi. Machinga atadhani unakuja kumhamisha. Anaikumbuka Oktoba 2021, meza zilipoondolewa barabarani. Hawana makosa. Ramani ni chombo cha kuokolea na ni chombo cha kufukuzia, na aliyewahi kufukuzwa ana haki ya kuuliza.

Kwa hiyo waambie ukweli mapema, na uushike. Usiandike jina la mtu, usiandike namba ya simu, usiandike thamani ya mzigo. Gari la zimamoto halihitaji kujua fremu ni ya nani. Linahitaji kujua ina mlango wa nyuma. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata kama isingekuwepo, mtu aliyekukaribisha kahawa hastahili kuuzwa.

Tano: tembea na karatasi

Simu yako ina GPS, na katikati ya Kariakoo itakudanganya. Mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta za maghorofa kabla ya kukufikia, na simu inakuweka ng'ambo ya barabara au juu ya paa la jirani. Dawa yake ni ya zamani. Toa nakala ya mtaa kwenye karatasi ya A3 kwa mwenye steshenari, ibane kwenye ubao, na kila kitu ukipime kwa kukihesabia kutoka kona ya jengo: fremu ya tatu kutoka kona ya Sikukuu, upande wa kulia. Barabara ipime kwa futi ya fundi. Nenda mara mbili: alfajiri mtaa ukiwa mtupu, na saa sita mchana ukiwa umefurika. Tofauti ya upana kati ya saa hizo mbili ndiyo jibu la swali lako.

Kisha ongeza safu moja ambayo ramani nyingi hazina: ghorofa. Kariakoo imepandiana. Juu ya duka kuna stoo, juu ya stoo wanalala watu, na chini ya yote kuna chumba kilichochimbwa ardhini. Ukichora kwa kutazama kutoka juu, watu hao wote wanarundikana kwenye pembenne moja. Andika kila ngazi kwa namba: chini ya ardhi ni -1, usawa wa barabara ni 0, juu yake ni 1. Safu hiyo ndogo ingekuwa na thamani kubwa asubuhi ile ya Novemba.

Ongeza na safu ya jina wanalotumia watu. Mtu aliyepaniki haelekezi kwa namba ya kiwanja. Atasema karibu na Big Bon, nyuma ya Shule ya Uhuru, jirani na jengo la klabu ya Simba pale Msimbazi. Mfumo usioelewa lugha hiyo hautamsaidia anayepokea simu.

Wanaotembea nawe uwalipe. Nauli, chakula cha mchana, bando: hizo ndizo fedha ambazo hupaswi kuzibana. Kijana wa mkokoteni akikupa saa tatu zake amepoteza mizigo kadhaa. Bajeti ndogo isiwe kisingizio cha kumfanya maskini agharamie ramani.

Sita: nidhamu ya daftari

Ukirudi nyumbani, kaa chini ukubaliane na wenzako tahajia. Mmoja akiandika Congo na mwingine Kongo, kompyuta itahesabu mitaa miwili. Mmoja akiandika Mchikichi na mwingine Mchikichini, kosa ni kubwa zaidi: Mchikichi ni mtaa ndani ya Kariakoo, Mchikichini ni kata nyingine kabisa. Gari likitumwa kwa kosa hilo, litazima moto usiokuwepo.

Namba za mahali nazo zina hila zake. Kariakoo iko takriban latitudo -6.82 na longitudo 39.27. Ukisahau alama ya kutoa, fremu zako zote zitahamia kwenye milima ya kusini mwa Ethiopia. Ukizibadilishana nafasi, utazikuta Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Unapotaka kupima kwa mita, tumia kanda ya UTM 37 Kusini, ambayo katika QGIS ina namba 32737. Iandike ukutani.

Hifadhi kila kitu katika faili moja la GeoPackage, andika tarehe kwenye jina lake, nakili kwenye flashi mbili, na flashi moja ilale nyumba nyingine. Tunazungumzia ramani ya moto. Haifai iungue pamoja na soko.

Saba: irudishe

Hapa ndipo mifumo ya mamilioni hufa: ramani inamalizika, inapigiwa makofi, inafungiwa kabatini. Yako ichapishe kwa karatasi kubwa. Moja ibandike ofisi ya serikali ya mtaa, moja kwenye kijiwe cha kahawa, moja ipeleke kituo cha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na namba yao, 114, iandike juu kwa herufi nene. Waachie watu kalamu nyekundu. Wataikosoa siku ya kwanza: mlango huu umezibwa, ukuta huu mpya, hapa pamechimbwa. Kila alama nyekundu ni kazi ambayo mshauri angekutoza. Mwisho wa kila mwezi zihamishie kwenye kompyuta, chapisha tena. Mtaa wa Kariakoo hubadilika haraka kuliko rangi ya ukuta. Ramani ya mwaka juzi itampeleka mwokoaji kwenye mlango uliojengewa tofali.

Piga hesabu sasa. Kompyuta iliyotumika, flashi mbili, karatasi, futi, kalamu, nauli na chakula cha waliotembea. Programu bure, msingi wa ramani bure. Maarifa yenyewe yamejaa mtaani, kwa kuli, mlinzi wa usiku, mama lishe na fundi umeme, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Kama unaishi au unafanya kazi Kariakoo, anza na mtaa wako Jumapili hii, soko likiwa limepoa. Pima barabara moja, andika milango ya nyuma, uliza kilichoko chini ya ardhi. Ghorofa lile liliporomoka Jumamosi asubuhi, watu wakiwa kazini, na waokoaji walilazimika kuuliza ndani mna nini. Jibu hilo tuwe nalo kabla hatujaulizwa tena.