Jinsi ya Kujitesa kwa Hiari: Triathloni ya Kwanza kwa Mkazi wa Siakago

Umeshiba, humdai mtu na hakuna anayekudai, na bado unataka kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia asubuhi moja bila kupumzika, kisha ulipe ada kwa ajili ya mateso hayo. Hongera. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, mkazi wa Siakago, mji wa jua, ndengu na muguka.

1. Chagua kipimo cha adhabu

Triathloni fupi ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za mbio. Ile ya Olimpiki, iliyoanza Sydney mwaka 2000, ni mara mbili yake. Ukijiona shujaa, kuna Rubavu, Rwanda, ambako tangu 2022 watu huogelea kilomita 1.9 katika Ziwa Kivu, huendesha baiskeli 90 na kukimbia 21.

Ironman kamili, ambayo ni mara mbili ya hiyo ya Rubavu, mwachie mwenye kesi na mwili wake. Ya kwanza ilifanyika Hawaii Februari 1978: walianza 15, wakamaliza 12. John Dunbar, aliyeshika nafasi ya pili, aliishiwa maji njiani na wasaidizi wake wakampa bia. Marafiki zako watakaopenda kipengele hicho cha bia waambie kwanza waogelee kilomita 3.8.

2. Tafuta maji yasiyo na wenyewe

Mito yetu ina adabu zake: kiangazi kikikolea, mingi hugeuka mchanga, na kwenye mchanga utaogelea polepole mno. Mto Tana nao haukauki. Una mabwawa matano, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na maji humo ni tele. Mamba pia ni tele, bila kusahau viboko. Mamba habagui mwanariadha wa ridhaa na bingwa. Wote kwake ni chakula cha mchana.

Kwa hiyo panda matatu uende Embu mjini, ukalipie bwawa la hoteli. Likiwa na urefu wa mita 15, mita zako 750 ni kulivuka mara 50. Watoto wa darasa la pili watakupita wakicheka. Vumilia. Jifunze jambo moja tu: kutoa pumzi ukiwa ndani ya maji, ili ukiinua uso uwe na nafasi ya kuvuta nyingine. Siku ya mashindano ukichoka, inua mkono au shika mtumbwi wa waokoaji upumzike. Kanuni zinaruhusu, mradi mtumbwi usikusogeze mbele.

3. Baiskeli ni ile ile ya baba

Utaambiwa ununue baiskeli nyepesi ya bei ya ng'ombe kadhaa. Anza na Black Mamba iliyoko nyumbani. Ng'oa keria iliyobeba mitungi na magunia miaka yote hiyo, tia mafuta mnyororo, kaza breki. Kutoka Siakago hadi Embu ni zaidi ya kilomita 20, na njia inapanda. Ukifika bila kusukuma kwa mkono, umefuzu.

Ukisikia honi ya gari la muguka, toka barabarani upesi. Majani yale yakinyauka hayana mnunuzi, na dereva anayaonea huruma kuliko anavyokuonea wewe.

Kofia ngumu huvaliwa kichwani na kufungwa kamba kabla hujagusa baiskeli, la sivyo waamuzi watakuadhibu. Nalisema hili kwa sababu kwetu mwenye boda boda huivalisha kofia yake usukani.

4. Kukimbia: Ukenya hausaidii

Ugenini watakudhania ndugu yake Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni Vienna kwa saa 1:59:40 tarehe 12 Oktoba 2019. Wakumbushe kwamba Kipchoge hakuwa ametoka majini wala kushuka kwenye baiskeli. Ukishuka wewe, miguu itakataa kukutambua kwa dakika kadhaa. Dawa yake ni mazoezi: kila ukimaliza kuendesha, kimbia dakika kumi hapo hapo.

Kijijini utaulizwa, "Nani anakufukuza?" Usijibu kwamba unafanya mazoezi. Shosho akikusikia atasema, "Mjukuu wangu, kama nguvu zimekuzidi, mtungi ule pale, niletee maji." Na huna hoja ya kumshinda.

5. Kula vya nyumbani, kimoja kiache

Uji wa mtama asubuhi na ndengu jioni vinatosha. Poda za kopo za bei ya juu ziache dukani. Kunywa maji hata kabla ya kiu, maana jua la kwetu Mbeere halina ratiba ya mashindano.

Muguka, hata kama ndio uliokulipia karo ya shule, usiuguse. Ni jamii ya miraa, na kathinoni iliyomo iko kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku wakati wa mashindano na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni. Kathini, iliyomo pia, hairuhusiwi ikipita kiwango kilichowekwa. Itakuwa aibu kufungiwa kwa dawa za kuongeza nguvu baada ya kushika nafasi ya mwisho.

6. Siku yenyewe

Anza nyuma ya kundi, usije ukapigwa teke la uso. Muda wa kubadilisha vifaa unahesabiwa, kwa hiyo usikae chini kutafuta soksi. Usifuate mgongo wa baiskeli ya mwenzako ili akukingie upepo. Katika mashindano mengi ya ridhaa hilo ni kosa.

Ukiona mwongozo huu ni mrefu, shika hili tu: mlipe mwalimu wa kuogelea kabla hujalipa ada ya mashindano. Baiskeli ikikushinda utaisukuma, na mbio zikikushinda utatembea. Majini hakuna kutembea.