Mzee Kanipa ya Mafuta

Juzi, kwenye korongo la mchanga kabla ya kufika Malambo, mzee wa Kimasai aliyevaa katambuga alinipa bakshishi. Umesoma sawasawa. Si mimi niliyempa yeye. Yeye ndiye aliyenipa mimi, shilingi elfu hamsini, noti tano nyekundu, mbele ya mke wangu, watoto wangu, dereva, kundi la morani na mbuzi wasio na idadi. Mpaka naandika hapa masikio bado yanawaka moto.

Tulikuwa tumelala Karatu. Tukapita geti la Lodoare, tukazunguka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, tukateremka tambarare, na badala ya kunyoosha Serengeti kama watu wenye akili zao, tukakata kaskazini. Hesabu zangu zilikuwa kupitia Malambo, kuambaa nyanda za Salei hadi Engare Sero, ili watoto wauone Ol Doinyo Lengai kwa upande usiotokea kwenye kalenda za benki. Usiku mvua ilikuwa imepiga juu, milima ya Gol. Na makorongo ya kule hayana kelele: maji hupita usiku, asubuhi unakuta mchanga bapa, safi, unaoita gari.

"Hapa tunapita, bosi," alisema dereva, akatia gia. Gari likakaa. Likakaa kweli kweli, mpaka ngazi ya mlango ikagusa chini.

Haikuchukua muda watu wakatokea. Nchi ile ukiitazama ni tupu mpaka upeo wa macho, lakini zama kwenye mchanga uone. Walikuja morani na fimbo zao, kina mama wenye madumu ya maji, watoto, na huyo mzee. Mzee hakugusa gari. Alikaa juu ya jiwe, fimbo magotini, kikopo cha ugoro mkononi, akatamka neno moja: upepo. Alikuwa anaamuru matairi yapunguzwe upepo. Dereva akabisha, akachukua jembe, akachimba, akatoka jasho, akachimba tena. Mzee akanusa ugoro. Mwishowe dereva alipiga magoti akatoa upepo, tairi zikalala, zikapata uso mpana wa kukanyagia, morani wakasukuma, na gari likapanda ukingoni lilipoombwa mara ya kwanza tu.

Hapo ndipo likizo yangu ilipoharibika, kwa sababu sasa ilibidi nishukuru.

Bakshishi ya mkononi ina ufundi wake, na ufundi huo mimi naujua. Noti unaikunja mara mbili mpaka itoshee pale kidole gumba kinapokutana na kiganja. Inashikwa na gumba peke yake, vidole vinne vibaki huru kusalimia. Mkono wa kushoto unagusa kiwiko cha kulia, kwa heshima. Unamtazama mtu machoni. Kamwe usitazame mikono. Kisha unasema neno refu, "tunashukuru sana mzee wetu, Mungu akuzidishie," kwa kuwa neno fupi haliupi mkono wa mpokeaji nafasi ya kuihisi karatasi na kuamua la kufanya. Mpokeaji mzoefu hushtuka kidogo mno, kope tu, halafu kiganja kinafunga na mkono unaelekea mfukoni kana kwamba unatafuta leso. Wapo wahudumu Arusha wanaojua ni noti gani kabla hawajaitazama, kwa kuipima tu na vidole, maana noti zetu hazilingani ukubwa: kila thamani inapopanda, karatasi inarefuka kidogo. Nimewahi kuona mtu anapokea elfu mbili kwa mkono huo, na uso wake ukaanguka kabla mkono haujafika mfukoni.

Ajabu ni kwamba kuficha si kwetu. Pwani, mtu akitaka kumtunza mwimbaji wa taarab huinuka, hucheza mpaka mbele, noti ikipepea juu, na ukumbi mzima unajua nani katoa na, kwa wenye masikio, nani anasemwa. Arusini pia ni hadharani. Mambo ya kiganja kilichofungwa ni ya safari za kitalii na ya barabarani, na ya barabarani tuyaache, bado naihitaji leseni yangu.

Basi nikamwendea mzee na noti yangu ya elfu kumi, ile yenye tembo, nimeikunja vizuri, kiwiko nimekigusa, macho nimeyaweka panapotakiwa. Nikampa mkono.

Mzee aliihisi karatasi, akautoa mkono wake, akaufungua mbele ya watu wote. Akaikunjua noti mkunjo kwa mkunjo. Akainyoosha juu ya goti. Akaigeuza upande wa pili, akaigeuza tena. Akawauliza morani jambo kwa Kimasai, morani wakacheka, kina mama wakacheka zaidi.

"Hii ya nini?"

"Ya soda, mzee wangu."

"Soda ya nani?"

"Ya... yenu nyote."

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akiwahesabu. Kisha akaita kitoto cha umri wa miaka sita hivi, akakipa ile noti, kikatimua mbio nayo. Mimi nikadhani yamekwisha.

"Una ng'ombe wangapi?"

"Sina, mzee."

"Mbuzi?"

"Sina."

"Hata kondoo?"

"Tuna kuku," alidakia mke wangu, akiitetea nyumba. Hakusema kwamba ni kuku wa kisasa na kwamba nusu walikufa kwa kideri.

"Kuku," mzee aliwatafsiria wenzake. Safari hii hakuna aliyecheka. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kicheko. Mama mmoja alinitazama kama mtu atazamavyo msiba wa jirani.

Mzee akaingiza mkono ndani ya shuka, akatoa burungutu lililofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mnada ulikuwa umepita karibuni, na dume mmoja aliyenona siku hizi anavuka milioni. Akahesabu tano, taratibu, akilowesha kidole. Akatema mate kidogo kiganjani, kama wazee wa Kimasai wafanyavyo wakibariki, akanipa.

"Chukua ya mafuta. Una watoto."

Nilikataa kwa maneno yote ya adabu niliyofundishwa nyumbani. "Pokea," alisema mke wangu kwa sauti ile ambayo mume hajibu. "Unaurudisha mkono wa mzee?" Nikapokea kwa mikono miwili, nimeinama, mbele ya wanangu, ambao tangu siku hiyo wananiuliza kwa nini hatuna ng'ombe.

Sasa, aibu ni yangu, lakini lile swali la mzee, hii ya nini, ndilo ambalo Karatu nzima haliulizwi. Pale tulipolala palikuwa na kadi kitandani, kando ya taulo iliyokunjwa umbo la bata, ikieleza nani apewe bakshishi kiasi gani. Kadi ilikuwa kwa dola. Tangu Machi 2025 kanuni za serikali zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa miamala ya humu ndani, lakini bata wa taulo hajasomewa kanuni.

Nilikaa na mhudumu mmoja mpaka chai ikapoa, akanifungulia mtambo mzima wa bakshishi, nami nikawa kama mtoto aliyefunguliwa nyuma ya saa. Kuna sanduku la mapokezi lenye kufuli. Hilo ni la wale usiowaona: mpishi, mfua nguo, mtunza bustani, mlinzi wa usiku. Linafunguliwa mwisho wa mwezi na kugawanywa kwa vyeo. Kuna bahasha ya dereva anayeongoza wageni. Hiyo haiingii sandukuni, inatolewa siku ya mwisho, na kampuni nyingi huwaambia wageni dola ishirini na kitu kwa kila siku ya safari. Dereva akiwa deiwaka, yaani ameitwa kushika gari la mwenzake, bahasha ndiyo inayompeleka nyumbani.

Halafu kuna elimu ya karatasi zenyewe. Dola iliyochapwa kabla ya 2006 ni picha ya rais wa watu. Kubadilisha ni shida. Dola mojamoja zinabadilishwa kwa bei ya chini kuliko noti ya mia, kwa hiyo mhudumu aliyepewa dola kumi kwa vipande kumi kapewa chini ya kumi. Na ukiwa Karatu usidhani duka la kubadilishia fedha liko kila kona; kwenye operesheni ya serikali ya Novemba 2018 mkoani Arusha, maduka mengi ya namna hiyo yalifungwa. Kubwa kuliko yote ni sarafu za euro. Mhudumu alinionyesha kopo la kahawa limejaa sarafu hizo. Benki hazipokei sarafu za kigeni. Kwa hiyo anamsubiri Mjerumani anayerudi kwao amwombe ambadilishie kwa noti. Juma lililopita alimpata Mwitaliano mkarimu sana, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea sarafu.

Sisi wa shilingi tuna kipimo chetu cha wanyama: simba ni elfu mbili, faru elfu tano, tembo elfu kumi. Watu wanatoka mabara mengine kuja kushuka kreta wakimsaka faru, wakimwona kwa mbali wanalia machozi. Mimi nimemtoa faru mfukoni, mzima, akakabidhiwa kijana wa mizigo, na kijana hakusisimka hata kidogo.

Simlaumu. Hapa kicheko changu kinakwisha. Getini Lodoare serikali inanijua vizuri: kiingilio cha mgeni dola 60 kabla ya kodi, mimi Mtanzania shilingi 10,000. Nikishafika hotelini, naulizwa nichague mwenyewe mimi ni nani. Nikitoa kwa kipimo cha kadi, ada ya shule ya mtoto imeondoka. Nikitoa kwa kipimo changu, naonekana bahili, na chai ya asubuhi inachelewa kwenye meza yetu huku ya jirani inafika ikifuka moshi. Na kijana anayechelewesha chai ana hesabu zake. Alipoajiriwa aliambiwa maneno mawili yanayotosha kuwa mkataba: "Tipu zipo." Maana yake, mwajiri kamhesabia sehemu ya mshahara iliyo mfukoni mwangu kabla sijafunga begi.

Tipu zipo Julai. Aprili, masika yakimwagika na vyumba vikiwa vitupu, tipu hazipo, na mshahara unabaki uchi. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020, corona ilipofunga anga, wakabaki kama 620,000. Waliokuwa wanaishi kwa sanduku walilifungua wakakuta vumbi. Sijasikia mwenye hoteli hata mmoja aliyesema kwamba kwa kuwa tipu hazipo, basi yeye yupo. Huko Kilimanjaro angalau wapo wanaousemea mshahara waziwazi: tangu 2003 mradi wa Kilimanjaro Porters Assistance Project unafuatilia kama wagumu, wanaopanda na mizigo ya mpaka kilo 20, wamelipwa ujira wao, siyo tu wameimbishwa na kupigiwa makofi mlimani siku ya kugawa bahasha. Huku kwenye mabonde tunategemea bata wa taulo.

Wilaya ya Ngorongoro, kule nilikozama mchangani, imewahi kuwa na huduma yenye bei inayoeleweka. Mwaka 2011, Samunge, si mbali na Malambo, Babu Ambilikile Mwasapila alikuwa akinywesha watu kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Ya dawa nawaachia madaktari, nasema bei. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, waziri na mbeba zege wamo humo humo, na hakuna aliyekuwa akijiuliza amuachie kiasi gani aliyemshikia kikombe.

Mengine ya safari ni madogo. Mlinzi wa Karatu alinipigia saluti mpaka nikatoa; nilipotoka tena akanipigia mbili. Mto wa Mbu nilimpa elfu mbili kijana aliyetuongoza kuegesha gari, kumbe naye alikuwa anasubiri Noah ya Arusha. Kituo cha mafuta, choo shilingi 500, bei imeandikwa ukutani kwa rangi ya bluu, nikalipa kwa moyo mweupe kabisa.

Dereva nilimlipa Engare Sero jioni, noti wazi, bila mkunjo. Akahesabu, akashukuru, akabaki amesimama.

"Na ile ya mzee, bosi?"

"Ipi?"

"Ile elfu hamsini. Si alisema ya mafuta? Na anayetia mafuta si mimi?"

Mke wangu alisema hoja ina mashiko. Tuligawana; alichukua thelathini.

Kwa hiyo naomba, wenye hoteli wa Karatu na wa kote ambako wageni hulala: ile asilimia mnayoitarajia kutoka mfukoni mwangu iwekeni kwenye bei ya chumba, muiandike ukutani kwa rangi ya bluu, na muiingize kwenye mshahara wa kijana. Aprili nayo ina siku 30, na mpishi wenu hula siku zote.