Barua ya Wazi: Hisabati Iondolewe Kwenye Warsha za Hisabati

Kwa Kamati ya Maandalizi ya Warsha, popote inapoketi kunywa chai.

YAH: OMBI LA KUFUTA SAA MOJA YA HISABATI

Kamati inaombwa ihusike na kichwa cha habari hapo juu. Wanafunzi wa uzamivu wa hisabati wa Afrika Mashariki wanaisalimu na kuipongeza kwa mabegi. Zipu hazikwami, na nembo za wafadhili zimepangwa kwa ulinganifu wa kupendeza.

Dosari ni moja tu. Katika ratiba ya siku 3 imesalia saa moja, baada ya chakula cha mchana, iliyoandikwa “Hisabati”. Saa hiyo inachelewesha picha ya pamoja.

Mengine yote yako sawa. Mgeni rasmi wa saa 3 asubuhi huwasili saa 5. MC hutangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha huizingatia upya, jina kwa jina. Halafu huja mwezeshaji wa kuandika wasifu, wa kuomba ufadhili, wa kujiuza mitandaoni. Mwanafunzi akimweleza kwamba amesafiri usiku kucha kutafuta tatizo, hupewa kipeperushi cha ushauri nasaha.

Kamati isije ikaiga Oberwolfach, kituo cha utafiti wa hisabati kilichoanzishwa mwaka 1944 katika Msitu Mweusi, Ujerumani. Kule hakuna meza kuu. Wahudumu huchanganya vifuko vya leso za mezani vyenye majina ya wageni, hivyo profesa mkubwa hujikuta anakula ubavuni mwa kijana asiyemjua. Jumatano alasiri kumbi huachwa tupu, watu wakapanda milima kwa miguu. Hatari yake iko wazi: watu wakitembea pamoja bila slaidi, huanza kuulizana maswali.

Marekani nako, tangu 2014, kuna warsha ya kombinatoria ya wanafunzi wa uzamivu. Wanafunzi hupeleka matatizo ambayo hayajatatuliwa, huyasoma kabla ya kukutana, kisha huyahangaikia kwa vikundi. Masomo ya kutafuta kazi yapo pia, ila yametiwa kama chumvi kwenye mboga. Makala hutoka baadaye yakiwa na majina ya kikundi kizima, na wasifu hunenepa bila mwezeshaji.

Mfano wa Afrika ndio mbaya kuliko yote. Taasisi ya Sayansi za Hisabati ya Afrika (AIMS), iliyoasisiwa na Neil Turok mwaka 2003, ilianzia katika hoteli ya zamani huko Muizenberg, Cape Town. Wahadhiri na wanafunzi huishi pamoja humo, na swali la darasani huendelea hadi mezani. Yaani hoteli iligeuzwa darasa! Kamati, kwa busara yake, imefanya kinyume: darasa limehamishiwa hotelini.

Endapo ombi la kufuta saa hiyo litakataliwa (wafadhili huenda wakauliza jina la warsha lilitoka wapi), wanafunzi wako tayari kupokea fidia ifuatayo: ubao mmoja mpana, boksi la chaki, mtafiti mmoja mwenye tatizo lililomshinda, na chumba ambacho mlinzi hatakifunga saa 11 jioni. Wapewe hivyo kwa siku zote 3. Mabegi watayarudisha.

Nakala: Mgeni rasmi, atakapofika.