Tazz ya Bi Harusi

Gari letu la kwanza Johannesburg lilikuwa Toyota Tazz nyekundu ya mwaka 2004, na lilitoka mikononi mwa shule ya udereva. Milangoni lilikuwa na herufi kubwa za njano zenye jina la shule, kwenye buti ile L nyekundu ya wanafunzi, na ubavuni mikanda minene ya plastiki nyeusi. Tukisimama kwenye taa karibu na Gandhi Square, watu waligonga kioo kuuliza bei ya masomo. Madereva wa teksi wanaotoka stendi ya Faraday, wakiiona ile L, walituchomekea bila huruma.

Mume wangu, Baba Salma, alivumilia, maana injini ilikuwa nzima na bei ilitufaa. Uvumilivu ulikwisha mpwa wake alipoposwa. Nikaha ilipangwa Mayfair, Julai 2023, na wazee wakaamua bi harusi apelekwe na gari la mjomba. Binti akashuka uani kwenye jengo letu la Marshalltown, akalizunguka gari, akasema kwa adabu zote: "Mjomba, nitapanda. Ila hiyo L itoke. Watu wasije wakasema naenda kujifunza."

Kazi ikamwangukia shemeji Juma, mdogo wake Baba Salma, kijana mwepesi wa kujitolea. Alfajiri akashuka na kisu cha jikoni na kopo la thina. Johannesburg iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai bati la gari linauma vidole kwa baridi. Gundi iliyopoa namna ile inakuwa ngumu. Juma akavuta ukanda wa mlango wa nyuma, plastiki ikakatika katikati, sponji nyeusi ya gundi ikabaki imeng'ang'ania. Akakwangua kwa kisu, akaacha mkwaruzo. Akamimina thina.

Salma alipanda ngazi mbio. "Mama, gari linatoka damu!"

Nikashuka, mama mkwe nyuma yangu na khanga juu ya koti. Rangi ilikuwa imevimba na kujikunja sehemu ya ukubwa wa kiganja, na tambara la Juma lilikuwa jekundu. Mama hakupaza sauti. "Juma, mwanangu, weka kopo chini. Usiliguse tena mpaka tumpate anayejua."

Anayejua alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya tatu, fundi rangi kutoka Lubumbashi, ambaye jengo zima tunamwita Papa Fundi. Akainama, akapitisha kidole. "Huu mlango walishaupiga rangi mara ya pili," akasema. Hapo ndipo thina ilipopata mwanya. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye joto la karibu nyuzi 140 na hukomaa. Ya gereji mara nyingi haipati joto hilo, na zipo aina ambazo thina huziyeyusha hata baada ya miaka. Kisha akanigeukia: "Mama, rangi iko nyembamba sana." Ni kweli. Rangi ya kiwandani, kuanzia praima mpaka juu kabisa, kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150, na karatasi ya daftari ni kama mikroni 100. Kisu hakina nafasi hapo.

Kinacholegeza gundi ni joto. Mimi ni msusi, kwa hiyo draya ilikuwepo. Tukashusha waya kutoka dirishani, tukaosha kwanza milango kwa sabuni, maana chembe ya mchanga ikibaki inakwaruza. Papa Fundi akapasha ukanda wa mlango wa mbele huku akiugusa kila mara. Joto lisizidi kile mkono unachoweza kuvumilia. Akaomba uzi mwembamba usiokatika. "Kwetu Tanga ungechukua mshipi," mama akasema. Nikatoa uzi wa nailoni ninaoshonea wivingi. Wakaupitisha nyuma ya ukanda, fundi ncha moja, Juma ncha nyingine, wakavutana taratibu kama wapasua mbao. Uzi ukakata sponji bila kugusa rangi, ukanda ukadondoka mzima mikononi mwa Salma.

Umeme ukakatika. Mwaka ule wa mgao hatukushangaa. Mama akapanda, akachemsha maji kwenye jiko la gesi, akarudi na taulo za moto zilizokamuliwa. Taulo likalazwa juu ya herufi, kisha ukucha ukaanza pembeni, na stika ikavutwa ikiwa imelala karibu na bati, isinyanyuliwe juu.

Gundi iliyobaki ilitaka kubembelezwa. Mwaka 1925 huko Minnesota, Marekani, Richard Drew wa kampuni ya 3M alitengeneza utepe wa karatasi wa mafundi rangi, baada ya kuona mafundi wakihangaika na tepu zilizong'oa rangi mpya. Gundi ile ilibuniwa ili itoke. Ya mikanda na beji imebuniwa isitoke, ivumilie mvua, jua na mwendo wa barabara kuu. Tuliisugua kwa dole gumba mpaka ikajiviringa vidonge vya kijivu. Ile sugu tuliipaka mafuta ya taa kwa kitambaa, baada ya kuyajaribu kwanza ndani ya fremu ya mlango, mahali pasipoonekana. Tukaacha ilainike, tukafuta, tukaosha kwa sabuni.

Tulipomaliza, Salma, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejua kusoma, akasimama mbele ya mlango akasoma kwa sauti jina la shule ya udereva.

Herufi zilikuwa zimetoka, jina limebaki. Jua lilikuwa limefifisha rangi yote isipokuwa pale stika zilipoikinga, na jina likasomeka kwa wekundu uliokolea. Papa Fundi akaleta polishi, akasugua pale palipofifia, akiacha penye herufi. Kitambaa kikawa chekundu, Juma akaruka. "Hapana kuogopa," fundi akamwambia. Rangi isiyo na klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, hufanya hivyo: polishi inaondoa tabaka lililokufa. Ila kila mpako unakula unene uleule mdogo, kwa hiyo jina lilipofifia kiasi cha kusomwa na mwenye kulijua tu, akaamuru tuache.

Siku ya harusi wapambaji walikuja na maua na tepu. Mama mkwe akasimama mlangoni mwa gari. "Hapa habandiki mtu." Riboni zikafungwa kwenye vishikio na vioo vya pembeni, na bi harusi akaenda Mayfair bila L.

Mlango wa nyuma ulipigwa rangi baadaye, Juma akalipa kwa mshahara wake bila kuambiwa. Siku hizi majirani wakitaka kubandua stika wanamwita yeye. Anauliza kwanza kama gari lilishapigwa rangi, kisha anaomba draya yangu, na ukimletea kisu anarudi zake ghorofani.