Upepo Umeuweka Wapi?

Kutoka Nairobi hadi New York ni takriban kilomita 11,800 kwa njia ya anga. Mjomba, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliposikia kwamba ndege hukata kama kilomita 900 kwa saa, aligawanya papo hapo nyuma ya bahasha, akatangaza: "Saa 13." Tikiti ilisema 15. Tangu hapo akashuku kwamba rubani ana mahali pake pa kupitia.

Shangazi, aliyekuwa akienda kumtazama binti yake aliyejifungua, nami msindikizaji wake, alimtazama kwa huruma. "Kilomita umezigawanya. Upepo umeuweka wapi?"

Babu yake alikuwa nahodha. Kwao Mombasa, hata mtoto anajua kwamba kaskazi huleta majahazi kutoka Arabuni na kusi huyarudisha. Anayeng'oa nanga nje ya msimu, shauri yake. Na huko juu, kama kilomita 10 kutoka ardhini, kuna mkondo mkali wa upepo uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Marekani hupambana nao. Anayerudi husukumwa, akafika kwa saa 14 hivi.

Upepo, basi, Shangazi aliuweza. Kilichomshinda ni jua.

Tuliondoka saa tano usiku, mwezi wa Oktoba, tukielekea magharibi, na usiku nao ukafuatana nasi. Shangazi hachezi na sala ya Alfajiri. Saa yake ya mkononi, ambayo ilikuwa bado Mombasa, ilipogonga kumi na mbili asubuhi, alichungulia dirishani: giza. Saa tatu: giza. Akamwita mhudumu. "Mwanangu, jua mmelifungia wapi?" Kijana akamletea chai.

Ilipotimia saa sita mchana ya Mombasa, nje bado nyota tupu, Shangazi alianza kuwaamsha abiria mmoja mmoja ili watubu mapema. Mzungu wa kiti cha mbele alimshukuru sana, akafungua meza yake, akasubiri kifungua kinywa.

Tulitua saa moja asubuhi. Mwezi huo New York iko nyuma yetu kwa saa saba, kwa hiyo ukifuata saa za ukutani, tulisafiri saa nane tu. Mjomba alipopigiwa simu aligawanya tena, akapata kilomita 1,475 kwa saa. Akauliza kama viungo vyetu vyote vipo.

Siku ya kurudi, Shangazi alisimama mbele ya dawati la tikiti. Kwenda saa 15, kurudi 14. Kwa nini nauli ni ileile? Dada wa dawati akamweleza kwa adabu kwamba kurudi, ndege husaidiwa na upepo.

"Najua," Shangazi akasema. "Na upepo ni wa Mungu. Sasa hiyo saa moja aliyotusukuma Yeye, mbona mmelipisha nyinyi?"