Shajara ya Mchoraji Ramani, Lukenya

JUMATATU
Kibao kimefika. Nilimwandikia mchoraji wa mabango kwenye karatasi: RAMANI ZA NYUMBA NA BQ. Yeye ameongeza B moja, ikawa BBQ. Nilipouliza kwa nini, akasema hiyo ya kwanza ilikuwa na makosa na amenirekebishia bila malipo ya ziada. Rangi ni ya mafuta. Kuikwangua ni kazi nyingine na ina bei yake. Nimekisimamisha hivyo hivyo.

Kabla ya saa sita, dereva wa lori la mawe ameegesha akauliza kama mbuzi ameiva. Nimemweleza kwamba BQ ni makadirio: mawe futi ngapi, simiti mifuko mingapi, mchanga lori ngapi, fundi siku ngapi, na kila kitu kinagharimu kiasi gani. Amenisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akauliza kama basi kuna mutura.

JUMANNE
Amekuja mwalimu mstaafu. Slabu anayo, ilimwagwa mwaka aliostaafu, futi 10 kwa 12. Anataka kusimamisha chumba kimoja cha kupangisha.

“Injinia, hiki chumba kitakula mawe mangapi?”

Nimemwambia mimi si injinia. Jina hilo lina sheria yake, na jina la msanifu majengo nalo linalindwa na Sura ya 525 ya Sheria za Kenya. Mimi nachora na kukadiria. Msanifu aliyesajiliwa anapitia na kupiga mhuri, mhandisi anapiga wake, ndipo mambo yanaenda kaunti. Akasema, “Sawa, injinia.”

Tumepiga hesabu pamoja, maana alifundisha hesabu. Kuta nne zikizungukwa ni futi 44. Ukuta wa futi 10, kwa jiwe la tisa kwa tisa pamoja na simiti ya katikati, ni kozi 13. Hiyo ni futi 572 za mawe. Toa mlango wa 3 kwa 7 na dirisha la 4 kwa 4, zinabaki kama 526. Ongeza yatakayovunjika njiani na yale fundi atakayokata vibaya: agiza 550.

“Fundi wangu anasema 400.”

“Amehesabu vipi, mwalimu?”

“Hakuhesabu. Ameangalia.”

Nimemtajia ada yangu. Ameziinua karatasi zangu tatu, akazipima uzito kwa mkono, akaniambia rimu nzima dukani ni rahisi kuliko hivyo. Nimeshindwa kumpinga, kwa sababu ni kweli.

JUMATANO
Stima imepotea saa nne asubuhi. Nimechora choo cha nje kwa penseli. Stima imerudi usiku, nilipomaliza.

ALHAMISI
Leo ni kwa nesi anayejenga upande wa tambarare, chini ya kilima. Jana jioni fundi alikuwa amepiga profaili na kuvuta kamba. Asubuhi hakuna kamba. Vigingi viwili vya mbao viko mbali kwenye nyasi na cha tatu hakijulikani kilikoenda. Fundi amechunguza nyayo kwa muda mrefu, mikono nyuma ya mgongo, kisha akatoa ripoti: “Punda milia.” Mtu wa mkono alikuwa na nadharia ya nyumbu, wakabishana hadi chai ikafika.

Kwenye BQ kuna mstari wa dharura, asilimia 10. Nesi alikuwa ameupiga wino wiki iliyopita akisema hakuna dharura anayoijua.

Shida kubwa lakini iko chini. Huku tambarare ni udongo mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi hadi mguu wa mtoto unaingia kwenye ufa. Msingi ukiwekwa juu yake, nyumba inapanda na kushuka pamoja nao, na kuta zinafunguka kuanzia pembe za madirisha. Kwa hiyo unachimba mpaka ufike kwenye mramu au mwamba, au mhandisi akuchoree slabu iliyofumwa chuma ya kubeba nyumba nzima. Mimi niliandika “hadi udongo mgumu”. Nesi alifuta akaandika “futi tatu”, kwa kuwa binamu yake alijenga Murang'a kwa futi tatu na nyumba imesimama. Murang'a ni udongo mwekundu.

Kwenye futi tatu, bado ni mweusi. Futi nne, mweusi. Futi tano, fundi akatoka shimoni, akakung'uta suruali, akasema bei ya kuchimba walikubaliana kwa futi tatu. Wote wawili wamenigeukia mimi kana kwamba udongo niliuleta na gari langu. Sina gari.

Nikiwa nasubiri boda nimekitazama kilima. Wanaakiolojia waliochimba kwenye mapango ya miamba yake wamepata zana za watu wa Zama za Mawe, na kipande cha fuvu la mmoja wao. Hawa walihamia kwenye nyumba ambayo paa lake lilikuwa tayari na msingi wake ni mwamba mtupu. Siku hizi wapangaji ni pimbi.

IJUMAA
Mteja wa Doha amepiga simu usiku, akitoka zamu. Ploti yake ni hamsini kwa mia. Tulianza na vyumba viwili na jiko. Tangu hapo kila ujumbe unaongeza kitu: ofisi, chumba cha wageni, kabati la kuingia mzima. Bajeti haijaongezwa kitu. Leo ametuma picha ya nyumba yenye bwawa la kuogelea.

Nimemkumbusha kwamba maji ya huko yanakuja kwa bowser. Bwawa la mita 5 kwa 10, kina mita moja na nusu, ni lita 75,000. Bowser ya lita 10,000 itakuja mara nane, na jua la Lukenya litaanza kuyanywa siku hiyo hiyo.

“Basi punguza kina.”

Kwa kina cha mita moja ni bowser tano.

Kimya kirefu. “Chora tu, ndugu yangu. Maji tutaweka Krismasi.”

JUMAMOSI
Mama anayefuga kuku ameleta pesa taslimu kwenye bahasha, kitu ambacho hakijawahi kutokea ofisini humu. Anataka nyumba ya vyumba vitatu na kibanda cha kuku mia mbili. Nimeomba kuona hati ya ardhi. Ameleta cheti cha hisa cha kikundi na risiti ya mkono. Nikamsihi aende kwanza Machakos apekue sajili ya ardhi.

“Wewe ni mchoraji ama ni CID?”

Nimemtajia Oktoba 2023. Kampuni ya East African Portland Cement ilishinda kesi ya ekari 4,298 hapa Mavoko, tingatinga zikaingia, nyumba zikalala. Zilikuwa nyumba za mawe, nyingine za ghorofa, na wenyewe walikuwa na karatasi walizoziamini. Ramani nzuri haizuii tingatinga.

Amefunga bahasha, ameiweka kifuani, ameondoka. Sijui kama amekwenda Machakos au kwa mchoraji mwingine. Kuku mmoja wa mfano aliyekuja naye, ili nione ukubwa, ameachwa.

JUMAPILI
Mchungaji ametangaza kwamba injinia wetu amejitolea kuchora upanuzi wa kanisa. Waumini wamepiga makofi, nami nikawa miongoni mwa waliosikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Baada ya ibada mweka hazina ameniomba nitengeneze na BQ, na ada yangu niiandike kwenye safu ya “Baraka”.

Kuku amechukuliwa. Mama amemtuma mtoto, na mtoto ameuliza kama huyu kuku amelishwa.

JUMATATU
Mwalimu amerudi. Aliagiza futi 400 kutoka machimbo ya Ndarugo. Mawe yameisha kwenye kozi ya 10 na fundi ameenda mjengo mwingine, maana hawezi kukaa akiangalia ukuta. Kilichobaki ni kozi tatu, juu ya mlango na dirisha, futi 132. Pamoja na ya kuvunjika, 150. Mwenye lori anasema kutoka Ndarugo hadi Lukenya ni safari ile ile iwe mawe ni mengi au kidogo, na bei ya safari haijali mzigo.

Mwalimu ameomba nimwandikie hiyo 150 kwenye karatasi yenye mhuri wangu, amwonyeshe fundi. Habari ya kulipa hakuitaja, kwa kuwa, kwa maneno yake, ni hesabu ile ile ya Jumanne. Nimetoa 400 kwenye 550 mbele yake. Amekagua, ameweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu, ameondoka nayo.

Kwa yeyote mwenye slabu ya futi 10 kwa 12 inayomsubiri: agiza mawe futi 550 kwa mara moja, na kabla ya kuuliza bei ya jiwe, uliza bei ya lori.