Sifa za Mkwaruzo

Walimwengu wamezoea kuvisifu vitu ambavyo vingesifika hata bila ya msaada wao: mwezi mpevu, mvua ya kwanza, mtoto mwenye adabu, na mgeni asiyekawia kuondoka, wala sijamwona aliyeshika kalamu kwa ridhaa yake akautukuza mkwaruzo, yaani ile sauti ya kuparuza na kukoroma izukayo katika spika pindi santuri ya zamani inapowekwa juu ya mashine, na harusi iliyokuwa imeanza kuchangamka, iwe Kiminini au Kanduyi, ikasimama kumtazama dijei kwa macho ya bughudha. Dhuluma hii imedumu mno. Nakusudia kuiondoa, na kuthibitisha kwa hoja kwamba katika aila nzima ya muziki hakuna mwenye insafu, ukweli na manufaa kuushinda mkwaruzo.

Tuanze na nasaba, kama ilivyo ada ya wenye kusifu. Mkwaruzo si mzaliwa wa jana. Thomas Edison alipoipa sauti ya binadamu makao ndani ya mashine mwaka 1877, na Emile Berliner alipoihamishia juu ya sahani miaka kumi baadaye, mkwaruzo ulikuwa umekwisha kuketi humo. Maana sauti iliyochorwa kwa ncha haikuwa na njia ya kurudi hewani ila kwa ncha nyingine kupita katika mfereji uleule. Siti binti Saad alipovuka bahari kutoka Unguja mwaka 1928 kwenda kurekodi Bombay, sauti yake ilitiwa katika sahani zilizotengenezwa kwa utomvu wa wadudu, zikizunguka mara 78 kwa dakika, na mkwaruzo ukawa mhudumu wake, nao haujaacha kumhudumia hata leo. Kisha ukajiunga na zile sahani ndogo za mizunguko 45 zilizotoka Nairobi katika siku za studio ya Equator Sound. Na Daudi Kabaka, ambaye wimbo wake Helule Helule ulipendeza kiasi cha waimbaji wa Kiingereza, The Tremeloes, kuurekodi upya mwaka 1968, haimbi leo katika sebule yoyote ya Webuye bila ya mkwaruzo kutangulia kubisha hodi. Ni nani mwingine awezaye kudai kuwa amewasindikiza waimbaji wote hawa, wala asiombe jina lake liandikwe kwenye lebo?

Ama insafu yake, haina mfano. Vumbi jekundu linalopanda katika barabara za Trans Nzoia wakati malori ya mahindi yanapokimbilia Kitale huingia katika nyumba ya mwenye ekari mia na ya mwenye robo ekari, na mkwaruzo uzaliwao na vumbi hilo hauulizi mashine ilinunuliwa kwa bei gani. Wako vijana waliojikusuru wakapata mashine zenye sifa kubwa duniani, wakadhani wamekwisha kununua amani. Mkwaruzo ukawaendea vilevile, kwa taadhima ileile.

Lakini fadhila yake kuu ni ukweli. Kimya, ambacho wengi hukiona chenye staha zaidi, ni shahidi mwoga: sauti ikikatika kabisa, hujui kama ni fyuzi iliyoungua, waya uliochomoka, au umeme uliopotea mji mzima. Mkwaruzo huja na ithibati. Ukianza tangu mdundo wa kwanza, mkali, mnene, sawasawa katika kila sahani, unamwarifu dijei kwamba sauti imekuzwa mara mbili: mashine yake ina kikuzaji cha ndani, naye ameichomeka katika tundu la miksa lililoandikwa PHONO, tundu lililotengwa kwa ajili ya sindano tupu itoayo milivolti tano hivi, ambazo tundu hilo huzipandisha kadiri ya mara mia na kuzirudishia besi iliyopunguzwa kwa makusudi wakati wa kuchonga sahani, kwa kanuni inayofuatwa tangu 1954. Naye akikosea kwa upande wa pili, akaipeleka sindano tupu katika tundu la LINE, mkwaruzo hujitoa kwa adabu na kumwachia sauti nyembamba isiyo na besi, ili ajue kuwa kosa limegeuka.

Ukija polepole, wimbo ukianza safi kisha ukaparuza, unasema: ondoa uzi wa vumbi ulionasa kwenye ncha, kwa burashi laini, kutoka nyuma kwenda mbele, wala si kwa kidole. Ukizuka pale tu mwimbaji anapopaza sauti, unashitaki mkono wa sindano uliowekwa mwepesi, nao hudai gramu zilizotajwa na mtengenezaji wa sindano, ambazo kwa sindano nyingi za madijei ni kati ya 2 na 4. Na wale wanaobandika sarafu juu ya kichwa cha mkono, wakidhani kuwa uzito hautoshi mpaka uzidi, huwajibu kwa kuitafuna sahani yenyewe. Ukielemea spika moja, unaelekeza kwenye viungo vichafu vya kichwa cha sindano. Ukipenda kungoja hadi karibu na lebo, hasa penye herufi s na sh, unafundisha hesabu: sahani huzunguka kwa idadi ileile, ilhali duara limefupika, hivyo mfereji wa sahani kubwa hupita chini ya sindano kwa mwendo usiofika nusu ya ule wa ukingoni, sauti zikasongamana, na ncha iliyolika au iliyokaa upande ikashindwa kuzifuata. Ukishikamana na sahani moja na kuziacha nyingine salama, basi sahani ndiyo yenye jeraha. Na ukiandamana na taa nyekundu za miksa, hauhitaji fundi kutoka Eldoret. Unahitaji tu kijana akubali kushusha kile alichokipandisha ili aonekane hodari.

Atatokea mpinzani aseme kwamba, pamoja na yote hayo, mkwaruzo una sura mbaya. Huyo na asafiri nami hadi Bungoma, mwezi wa Agosti, katika mwaka wa shufwa, vijana wa Kibukusu wanapojiandaa kutahiriwa. Asikilize chuma cha chinyimba kinavyogongana mikononi mwao, kisha akawaambie wazee kuwa sauti hiyo haikulainishwa vya kutosha. Asikilize siilili, zeze lao, linavyolia kwa kukwaruza. Akumbuke pia wapigaji gitaa wa omutibo, mtindo wa kina George Mukabi, ambao ngoma yao ilikuwa chupa ya Fanta iliyokwaruzwa kwa chuma. Na mwenye ghera ya kuosha kila mparuzo katika sahani zao ataiosha na chupa, abaki na gitaa lililofiwa.

Wala tusisahau ihsani zake kwa majirani. Ni mara ngapi karamu iliyokusudiwa kukesha imekatizwa saa nne ya usiku na mkwaruzo, mashemeji wakapata nafasi ya kuzungumza mambo ya mahari waliyokuwa wakiyakwepa kwa kisingizio cha kelele, na mgonjwa wa nyumba ya pili akalala?

Hata hivyo, anayeupenda kwa haki na aukumbuke zaidi kwa tabia moja, ambayo ni nadra miongoni mwa wenye kutoa nasaha. Tunao, katika miji yetu, wasemaji wengi wanaotukumbusha makosa yetu: wapo wa majukwaani, wapo wa vikaoni, wapo wa nyumbani. Wote, ukiwasikiliza, huongeza hotuba. Ukitengeneza walichokilalamikia, hupata kingine. Mkwaruzo peke yake ndio ambao, ukisikilizwa kwa makini mara moja, na waya ukahamishwa, au vumbi likafutwa, au sauti ikashushwa, huondoka wenyewe, bila ya posho, bila ya kudai ushukuriwe.